Naomba ushauri: namalizia masta Dodoma, nahamia Kigoma na vitu sijui nivifanyeje

Habari zenu wakuu. Nasoma UDOM, nimepanga Ng'ong'ona. Tasnifu nimeshaitetea, yamebaki marekebisho ya watahini, na msimamizi wangu akishika rasimu huwa hana haraka (mzee wa watu, simlaumu sana). Kazi nimepata Kigoma, natakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi ujao, na kodi ya chumba inaisha mwezi huu huu.

Kinachoninyima usingizi ni vitu. Nina kitanda cha tano kwa sita cha mninga, godoro, mtungi wa gesi, kabati na maboksi ya vitabu. Wanaokuja kuangalia kitanda wanajua mwanachuo anaondoka, basi wanataja bei ya kuni. Kabati liende tu, ni la maboardi. Ila mninga roho inauma.

SGR kwa sasa inaishia hapa Dodoma, kwa hiyo nafikiria kupakia kwenye treni ya zamani ya reli ya kati, ipitie Tabora mpaka Kigoma. Aliyewahi kusafirisha fanicha hivyo, wanapima kwa uzito au kwa ukubwa? Kitanda kikifunguliwa kinafika salama? Au nitafute lori linalorudi tupu?

La pili: kuna aliyemalizia marekebisho akiwa mbali? Saini za fomu na kujalidi nakala mtu anaweza kunifanyia, au nitalazimika kurudi mwenyewe? Mwajiri mpya naogopa kumwomba ruhusa mapema hivi.