Mass Effect mpya: kabla ya mapicha na makoti, tuambieni kwanza ile ya tatu iliishaje!!

Wadau salamu. Leo sina utani. Nimejaribu kunyamaza lakini kila nikishika simu napata mtu ameweka orodha ya vitu anataka kwa Mass Effect mpya, ile gemu ya anga ya BioWare, ati Mako (lile gari la kuzunguka sayari) irudi, ati sayari ziwe mia, ati nywele zicheze na upepo, na hakuna hata mmoja anauliza lile swali lenyewe. Kama hujamaliza zile tatu za kwanza na una mpango wa kuzicheza, toka hapa sasa hivi, nitamwaga kila kitu na usinilaumu.

Swali lenyewe ni hili: Mass Effect 3 iliisha vipi?

Usicheke. Gemu ilitoka Machi 2012. Shepard, askari unayemcheza, anafika kule juu Citadel, kile kituo kikuu cha angani, akiwa nusu mfu, anapewa njia tatu, aangamize Reapers, zile mashine kubwa zinazofuta viumbe wenye akili, pamoja na kila mashine yenye akili, ama awe yeye ndiye wa kuwatawala, ama achanganye viumbe na mashine galaksi nzima mpaka majani ya miti. Watu wakapiga kelele dunia nzima, mpaka Juni mwaka huo huo BioWare wakatoa Extended Cut, ule mwisho uliorefushwa, bure, na humo ndani wakaongeza njia ya nne ya kukataa zote, ambapo tunakufa sisi wote halafu watakaokuja baada yetu ndio wanashinda. Haya. Hizo ni galaksi nne tofauti kabisa bana. Kwa moja geth, jamii ya roboti, wameisha wote na EDI, akili-bandia ya meli yetu, ameenda nao. Kwa nyingine Reapers ndio wanajenga barabara walizobomoa. Kwa ile ya nne hakuna binadamu hata wa dawa. Sasa wewe unatengeneza mwendelezo wa galaksi gani?

Na badala ya kujibu wakatoroka! Andromeda ya 2017 ukiangalia vizuri stori yake, zile meli zinaondoka mwaka wa 2185, kabla Reapers wavamie Dunia, zinasafiri miaka zaidi ya 600 kwenda galaksi nyingine kabisa, yaani walihama kama mpangaji anayebeba godoro saa nane usiku ndio asikutane na mwenye nyumba. Kila mtu alicheka zile nyuso, hata mimi nilicheka, lakini nyuso zilirekebishwa kidogo kidogo na pachi. Kilichoniuma ni kwamba hata huko walikotorokea hawakumaliza. Mnakumbuka ile meli ya quarian, watu waliotengeneza geth, ujumbe unaingia pale mwisho, tukangoja nyongeza ya stori, wapi. Hakuna nyongeza ya stori hata moja ilikuja.

Halafu Desemba 2020 ndio wakaleta ile trela. Liara, mwenzake Shepard tangu ile ya kwanza, amezeeka kiasi, anapanda theluji, nyuma kuna mzoga wa Reaper, anaokota kipande cha chuma kina alama ya N7, ile ya cheo cha kijeshi cha Shepard, anatabasamu, kwisha. Tangu hapo kila Novemba 7, siku ya N7, ikifika tunaamka kama watoto wa sikukuu. 2021 posta, watu wakavuta picha wakaona shimo la ardhini liko na umbo la kichwa cha geth. 2022 kipande cha video cha relay, ule mtambo wa kurusha meli mbali, inajengwa. 2023 jamaa amevaa koti refu na helmeti anatembea. Koti! Watu walijadili koti wiki nzima, mshono, mistari ya mkono, nani fundi wake. Mimi nikiuliza mwisho gani ndio uko naambiwa "angalia ule mzoga." Nimeangalia. Wafu wa Reaper walikuwa wengi tu kabla ya mwisho, mmoja alivutwa chini ya mchanga na Kalros, lile mnyoo kubwa, pale sayari ya Tuchanka na mwingine tulimlipua Rannoch, sayari ya quarian, kwa hivyo mzoga hauthibitishi chochote. Na kama ni ule mwisho wa kuangamiza, hilo shimo la kichwa cha geth ni la nini na geth walikufa? Si mseme tu.

Kuna mtu ataniambia hayo ni mambo madogo, gemu ni bunduki na raha. Ndugu yangu, wewe cheza ile ya mpira. Wacha nikuonyeshe kwa nini hii kitu inatuuma hivi.

Chukua Wrex, mwenzako wa vita wa jamii ya Krogan. Ile ya kwanza, 2007, mko sayari ya Virmire, Wrex amejua kuna tiba ya genophage, ule ugonjwa uliotengenezwa ndio Krogan wasizae, na wewe unataka kulipua hiyo maabara. Amekushikia bunduki ufuoni. Ukiwa na maneno matamu anatulia, au kama ulikuwa umemtafutia ile armor ya familia yake anatulia, lakini ukizubaa anapigwa risasi na kwisha hadithi yake. Sasa ruka mpaka ya pili, mnapata utafiti wa tiba wa Maelon, mwanafunzi wa Mordin, unaamua kuufuta ama kuuweka. Unafikiri ni kitu ya kupita tu. Ruka tena mpaka ya tatu, 2012, Tuchanka, Mordin, yule mwanasayansi rafiki yako, anataka kupanda ule mnara kutoa tiba na anajua hatashuka. Kama Wrex alikufa, Krogan wanaongozwa na Wreav, ambaye ni mtu wa vita tu, na kama ulifuta ule utafiti Eve, yule mwanamke wa Krogan, naye hakupona, na hapo PEKE YAKE ndio unaweza kumwambia Mordin "mzee, hawa wakipewa watoto watatumaliza," na anakuelewa, anaachana na mnara, anaishi. Yaani ili umuokoe Mordin kwa maneno ilibidi umpoteze Wrex miaka mitano kabla! Na ukijaribu kuwachezea Krogan na Wrex yuko hai, anakuja kujua, anakufuata mpaka Citadel mkamalizana hapo. Hakuna mtu aliniambia hii. Tuliigundua kwa kubishana, kila mtu akidai gemu ya mwenzake imeharibika.

Hapo ndipo mashabiki walizaliwa, na picha kali haikuhusika.

Na tulizipata kwa shida. Huku Nakuru wengi wetu tulianza na ya pili kwa PS3, maana ya kwanza haikuwa imefika kwa PlayStation wakati huo, tukapewa ile katuni ya Genesis, unachagua haraka haraka Wrex aishi ama afe, nani kati ya Ashley na Kaidan abaki afe Virmire, basi. Kulikuwa na kibanda kimoja cha PS kule Free Area, unalipia kwa saa, na vijana wa mpira wamejaa nyuma yako kwa benchi wanangoja zamu. Wewe unasikiliza Legion, geth wa kikosi chako, anakueleza mambo ya geth, wao wanapiga kelele "huyo roboti ataongea mpaka lini, finya ex!" Na mtu wa kibanda mkono uko kwa swichi tayari. Hivyo ndivyo nilivyompoteza Thane, mwenzangu mwingine wa kikosi, kwa safari ya mwisho, kwa sababu ya kelele za watu wa Arsenal.

Lakini ile ya tatu ndio ilitutukana kabisa. Kuna kitu kilikuwa kinaitwa Galactic Readiness. Inaanzia asilimia 50, na nguvu zote za jeshi ulizokusanya zinahesabiwa kwa hiyo nusu, na ya kuipandisha ni kwenda kucheza mtandaoni na wengine, na ukikaa siku kadhaa bila kucheza inashuka tena. Mwaka wa 2012! Sisi tulikuwa na modemu ya kuchomeka, bando linaisha kabla ya raundi kuanza. Na ule mwisho ambao Shepard anaonekana akivuta pumzi chini ya vifusi ulikuwa unahitaji nguvu nyingi kuliko zile sisi wa nusu tungefikisha. Kwa hivyo kuna watu walicheza saa nyingi, wakaokoa kila mtu, wakapatanisha quarian na geth, na bado Shepard wao hakupumua kwa sababu ya intaneti. Baadaye wakashusha kiwango na Extended Cut, ambayo pia ilikuwa karibu GB mbili ya kupakua, asanteni sana. Kwa Legendary Edition ya 2021, zile tatu zikiwa zimerekebishwa pamoja, hiyo sehemu ya mtandaoni haiko tena, na hakuna mtu namjua analia.

Kwa hivyo nikisikia mtu anaomba gemu mpya iwe na mambo ya lazima uwe onlaini natamani kumrushia kiatu.

Sasa turudi kwa hofu yangu, maana haikutoka hewani. Hawa watu wana historia ya kukuuliza maswali halafu wanatupa majibu. Malkia wa rachni, wale wadudu wa angani, ulimuua kwa ya kwanza? Hakuna shida, kwa ya tatu Reapers wamejitengenezea mwingine, misheni ni ile ile. Ulimpa Anderson, kamanda wako wa zamani, kiti cha Baraza linalotawala galaksi? Ukirudi kwa ya tatu unapata Udina, yule mwanasiasa, amekalia hicho kiti na Anderson amerudi jeshini. Conrad Verner, yule shabiki wa Shepard, unaweza kumtendea wema ile ya kwanza, ya pili inakuja inakukumbusha vile ulimtisha na bunduki (hiyo angalau ilikuwa hitilafu na wakaitania wenyewe baadaye, nawapa hiyo moja). Halafu Oktoba 2024 wakatoa Dragon Age: The Veilguard, gemu ya nne kwa safu ambayo watu wameibeba tangu 2009, na maamuzi yaliyoruhusiwa kuvuka kutoka gemu za nyuma yalikuwa MATATU. Matatu! Ulimpenda nani, Inquisition, lile jeshi lako, ulivunja ama uliacha, na utamfanyia nini Solas, mwenzako aliyekusaliti. Wafalme uliosimika, vita ulivyoamua, hakuna anayevitaja, stori imepelekwa kaskazini ambako hakuna mtu anakujua. Mnaona hiyo mbinu? Ni ile ile ya Andromeda, tofauti ni kwamba safari hii walihamia mtaa wa pili.

Na hapa ndio nitakosana na wengi wenu. Kuna wale wanasema BioWare wasichague mwisho wowote "ili kuheshimu uamuzi wa kila mchezaji." Heshima gani hiyo? Ukiheshimu nne zote kwa pamoja inabidi utengeneze dunia ambayo hakuna hata moja inaonekana, kila mhusika anaongea kwa mafumbo, "baada ya vita," "yale yaliyotokea," na hakuna anayemaliza sentensi. Mimi Shepard wangu alichagua kutawala. Najua wengi mlichagua kuangamiza, na hiyo trela inaelekea kwenu. Sawa! Wachukue yenu! Waandike kwa herufi kubwa mwanzo wa gemu kwamba Reapers waliangamizwa, geth walilipa gharama, Shepard alipumua ama hakupumua, halafu zile nafasi zote za kuamua wazipeleke kwa mambo ambayo yanabebeka, Wrex ama Wreav, Ashley ama Kaidan, genophage imepona ama haijapona. Hiyo ya genophage peke yake inatosha gemu nzima, maana Krogan wakianza kuzaa tena unapata galaksi yenye maswali ya ardhi, chakula na nani anaogopa nani. Nitanuna siku mbili nipite. Lakini nikipewa tena gemu inayozunguka swali, siinunui.

Na wale wa "Shepard lazima arudi" nao mnipumzishe. Arudi ama asirudi haitasaidia kama hajui alifanya nini.

Sitaongea sana kuhusu pesa na wakubwa wao. Januari 2025 studio ilipunguzwa, watu wengi wakahamishwa na wengine wakafutwa, ikasemwa waliobaki ni wa Mass Effect tu. Septemba mwaka huo huo EA yenyewe, kampuni yenye BioWare, ikatangaza inauzwa kwa dola bilioni 55, na bilioni 20 za hiyo pesa ni deni. Deni la namna hiyo halilipwi na stori ya Mordin. Litalipwa na vitu vya kuuziwa ndani ya gemu, na hapo ndipo nitawaona nyinyi wa makoti mkinunua makoti. Gemu kubwa sasa hivi zinauzwa dola 70, piga kwa shilingi yetu ni kama elfu tisa, na Legendary Edition pekee ilimeza GB 120 za diski. Hii mpya wanaitengeneza na Unreal Engine 5, kompyuta yangu ikisikia hilo jina inaanza kupiga feni. Nitatafuta njia, nimezoea kutafuta njia. Lakini sitoi elfu tisa kununua fumbo.

Sasa mkija hapa chini kujibu, msiniletee ule mzoga wala lile koti. Niambie Shepard wako alichagua njia gani na kama uko tayari kuipoteza, na kama hauko tayari, nieleze wewe ungeandikaje hiyo stori yenye miisho minne bila kutorokea galaksi nyingine. Na yule jamaa wa Kisumu aliyesema juzi kwamba alimuua Wrex makusudi "kuona tu," bado nakungoja.