PK3 Washington DC: shule ya mtaa, chata ya Kihispania, au abaki na bibi yake?

Mama Laila
Wapendwa, habari za leo. Binti yangu anatimiza miaka mitatu mwezi wa Agosti, kwa hiyo umri wa PK3, darasa la awali la miaka mitatu, anao (mwisho wa kuitimiza ni 30 Septemba). Tunaishi Brightwood. Dirisha la bahati nasibu ya kugawa viti vya shule linafungwa mwanzoni mwa Machi na orodha yangu ya shule bado haina kitu. Kuna shule ya serikali ya mtaa wetu, dakika nane kwa miguu. Kuna chata, yaani ya umma lakini inajiendesha yenyewe, inafundisha kwa Kihispania na Kiingereza. Iko Brookland, mabasi mawili. Au abaki mwaka mmoja na mama yangu aliyekuja kutoka Tanga, halafu tujaribu PK4, ya miaka minne. Baba yake anafanya kazi usiku, mimi naingia saa mbili na nusu asubuhi. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Baba Wawili
Hiyo ya kusubiri ifikirie sana. Wengi wetu tunadhani shule ya mtaa ni haki ya mtoto tangu mwanzo. Haki hiyo inaanza kindagateni, akiwa na miaka mitano. PK3 na PK4 lazima uombe kwenye bahati nasibu hata kama geti la shule linatazamana na mlango wako. Kuishi ndani ya mpaka wa shule kunakupa kipaumbele, lakini jirani ambaye tayari ana mtoto mkubwa pale anakutangulia. Tena waliomaliza PK3 wanaendelea palepale bila kuomba upya, kwa hiyo ukija mwaka wa pili unagombea viti vilivyobaki.

Nyota wa Petworth
Dada, weka ya mtaa namba moja. Ukiiweka ya pili umeshaipoteza, wanachukua kwanza walioitanguliza.

Mama Pacha
Samahani ndugu yangu, sivyo, na maneno hayo yamewaponza wengi. Mfumo huu umejengwa juu ya kazi ya Alvin Roth, mmoja wa washindi wawili wa Nobel ya uchumi ya 2012. Kompyuta inajaribu chaguo lako la kwanza. Likijaa, inakupeleka la pili, na huko unahesabiwa kwa kipaumbele chako na namba yako ya bahati, sawa na aliyeiweka ya kwanza. Kuwahi kutuma nako hakukuongezei kitu, ilimradi usipitishe siku ya mwisho.

Hatari iko kwingine. Unaruhusiwa shule 12. Ukipata moja, unabaki kwenye foleni ya zile ulizoziweka juu yake tu, za chini zote zinafutika. Mimi niliitanguliza shule ambayo sijawahi kuikanyaga, kwa kuwa kila mtu aliisifu. Tukaipata. Ya mtaani, niliyokuwa naitaka moyoni, ikafutika siku hiyohiyo. Mwaka mzima nilivuka mji na watoto wawili wenye usingizi. Mama Laila, usiandike shule ambayo hujaikanyaga kwa miguu yako.

Msafiri wa Likoni
Wangu alisoma chata ya Kihispania. Anakiongea vizuri, na Kiswahili hakikupotea kwa sababu nyumbani hatukukiacha. Lakini jua mambo mawili. Chata haina mpaka wa mtaa, kwa hiyo unashindana na jiji zima. Na mtoto wa kawaida hapa haletewi basi la shule, iwe chata au ya serikali. Safari ni juu yako. Ifanye hiyo safari siku ya kazi, saa moja asubuhi, na mtoto mkononi. Ukiifanya Jumamosi itakudanganya.

Nyota wa Petworth
Asante Mama Pacha, nimeelewa. Mdogo wangu yuko Silver Spring, je, anaweza kuombea mwanawe?

Baba Wawili
Hapana, hiyo ni Maryland. Wakati wa kuandikisha watadai uthibitisho wa makazi ndani ya DC. Asiazime anwani ya mtu, atawaingiza wote kwenye matatizo.

Mama Laila
Tumeifanya safari leo. Basi la pili lilichelewa, tulifika Laila amelala begani kwangu na mimi nimeshachelewa kazini. Shule ni nzuri, walimu walimpokea kwa upendo, na niliumia kidogo kuondoka. Naiweka ya mtaa kwanza, kisha mbili za serikali za karibu nilizozitembelea, na chata ya mwisho. Mama yangu anasema atamchukua saa tisa na robo, na mlangoni kwetu ni Kiswahili tu. Swali moja: tukikosa ya mtaa, foleni huwa inasogea kweli?

Mama Pacha
Inasogea. Wengine wanahama, wengine wanapata walikokutaka zaidi na kuachia kiti, na simu zinaendelea hata baada ya shule kufunguliwa. Hakikisha namba ya simu na barua pepe kwenye fomu ni zako mwenyewe, na ukipigiwa jibu haraka, kwa sababu wanakupa siku chache tu kabla ya kumwita anayefuata.