Naomba ushauri: dalali hataki nikutane na mwenye nyumba (Moshono, Arusha)

Habari za jioni wakuu. Mimi na mke wangu tunatafuta nyumba ya kununua tangu Januari. Tumezunguka Njiro, Sakina, sasa tuko Moshono. Hela ya kuonyeshwa tumelipa kila mahali, hilo silalamikii.

Tuliyoipenda ina vyumba vitatu na mparachichi mkubwa uani. Mke wangu alisimama chini yake akanyamaza, nikajua tumefika. Shida ni dalali. Nikiomba kuonana na mwenye nyumba, eti yuko safari. Nikiomba nakala ya hati nikafanye upekuzi ofisi ya ardhi, ananionyesha picha kwenye simu, namba ya kiwanja kaifunika kwa kidole gumba! Jana kapiga: "Leta milioni tano za kumshikilia mzee, kuna mteja anatoka Moshi." Sijatoa.

Halafu Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mwenzi aridhie nyumba ya familia ikiuzwa, na dalali huyu hajui hata kama mzee mwenye nyumba ana mke.

Nikipitia kwa mwenyekiti wa mtaa anikutanishe na mzee, nitakuwa nimemdhulumu dalali? Udalali wake niko tayari kumlipa. Aliyepitia haya alifanyaje?