Tupeane uzoefu: mwandiko wa zamani uliowahi kuvuruga ukoo wenu

Kandambili: Wakuu, shangazi kanitumia picha ya cheti cha ndoa cha babu. Mwandiko kama kuku kaparua. Nani yamemkuta?

Ndafu: Umenitonesha kidonda. Kwetu Moshi inajulikana, kitinda mimba ndiye anayebaki na kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani. Baada ya matanga akaja binamu na nakala ya daftari la ubatizo: babu yao kabatizwa 1917, babu yetu 1914, kwa hiyo wao ndio wa kitinda mimba, na nyumba, migomba na kahawa ni vyao. Kikao kikaitwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaandaliwa. Baba mdogo akaapa kung'oa masale, ile mimea ya mpakani, usiku uleule. Watu wazima wanatukanana mbele ya wakwe! Katekista mstaafu akaomba miwani, akafuata mistari kwa kidole. "Saba zote za padre huyu zina kamstari katikati. Hii haina." Ilikuwa moja, ile ya Kijerumani yenye mkono mrefu wa kupanda. Waliobatizwa juu yake na chini yake, 1911 watupu.

Chachandu: Duh. Kwetu pia, ila bila masale.

Mtu wa Wete: Sisi tabu yetu herufi za Kiarabu. Mwandishi nukta anazirusha, b na p kwake herufi moja. Hati ya mikarafuu tukasoma "Banza", tukauliza Pemba nzima. Kumbe Kisiwa Panza! Na 2 na 3 za Kiarabu zikiandikwa mbio, mikarafuu inazaana yenyewe.

Karani: Mjerumani mbona aliandika herufi hizihizi zetu.

Mwana Lushoto: Acha kupotosha. Nenda Nyaraka za Taifa pale Dar uone Kurrent, mwandiko wa Kijerumani wa zamani: e kama n, s ndefu unaisoma f, u ina kikombe kichwani.

Karani: Majina ya watu waliyaandika kwa herufi za kawaida.

Mwana Lushoto: Baadhi yao. Usikaze shingo.

Kijoti: Ugomvi baadaye, binamu alisemaje??

Mama Kija: Kandambili, anza na maneno unayoyajua, kama majina ya miezi. Tazama mwandishi huyohuyo anavyokata herufi zake, ndipo urudi kwenye jina.

Chachandu: Au itupie Transkribus, programu ya kusoma miandiko, ikusomee.

Karani: Mashine? Mpe mzee wa ukoo.

Mtu wa Wete: Mzee husoma anachotaka kurithi.

Ndafu: Kijoti, binamu alidai katekista kahongwa. Shauri liko Baraza la Kata. Mbege ilinywewa yote, hiyo haikuwa na mgogoro.