Nyumba ina X ya kijani na barabara mpya inakuja: naombeni ushauri

Habari za jioni ndugu zangu. Tuna nyumba ya vyumba vitatu na fremu mbili Vigwaza, kando ya Barabara ya Morogoro. Marehemu baba aliijenga miaka ya 90, kabla Sheria ya Barabara ya 2007 haijasogeza hifadhi ya barabara (eneo la kando lisiloruhusiwa kujengwa) kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Ndiyo maana ukutani tuna X ya kijani, alama ya nyumba inayostahili fidia kabla ya kubomolewa, imepauka mpaka mgeni anaweza kudhani ni ukungu.

Mpango wa barabara ya haraka Kibaha hadi Chalinze siupingi hata kidogo. Malori ya Zambia na Kongo kutoka bandari ya Dar yanapita mlangoni usiku kucha, yanapanga foleni kuelekea mizani, vikombe vinatetemeka kabatini. Ajali nimeziona nyingi mno.

Kinachoninyima usingizi ni fidia. Ninavyoelewa, zaidi ya jengo kuna posho ya usumbufu na ya usafiri, na tathmini isiyolipwa ndani ya miaka miwili inakufa. Lakini sisi tuna barua ya serikali ya kijiji tu, hati hatuna, na mirathi ya baba hatujafungua.

Paa linavuja. Nilikarabati au niache? Nianze na mirathi mahakamani, au nimtafute kwanza mthamini aliyesajiliwa? Na wewe uliyewahi kulipwa fidia ya barabara, walikudai karatasi zipi? Mama ana miaka 71, sitaki ahangaike.