Naomba ushauri: mwanangu amejaa hofu tangu nilipopunguzwa kazini

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Tangu Machi nilipopunguzwa kazini, nyumbani hakuna amani. Kodi tunadaiwa, na mimi na baba yao tunazozana usiku tukidhani watoto wamelala.

Sasa binti yangu wa miaka 7 analalamika tumbo kila asubuhi ya shule. Zahanati wamempima malaria, mkojo na choo, hawakuona kitu. Jumamosi na Jumapili tumbo haliumi. Ameanza tena kukojoa kitandani, na hilo alishaliacha akiwa na miaka 4. Kilichoniumiza zaidi ni juzi. Simu yangu iliita, akanitazama usoni kwanza, huku amekunja pindo la gauni lake mkononi, akauliza, "Mama, ni baba mwenye nyumba?"

Nesi mmoja aliniambia watoto husoma nyuso zetu kuliko maneno yetu, na kwamba hofu ya mtoto mara nyingi hujitokeza tumboni. Naamini, maana hata mimi silali.

Naombeni mnisaidie. Nimweleze ukweli kuhusu hela, au nimfiche? Na nikimweleza, niishie wapi? Kuna aliyewahi kupiga 116, namba ya huduma kwa watoto, au kumpeleka mtoto kwa mshauri hospitali? Mlianzia wapi? Mume wangu anasema anadeka tu. Mimi sikubali, kwa sababu nikimvalisha sare namsikia anavyotetemeka.