Altaneta ya gari: mpya ya Kichina, mtumba wa Japani au nifufue hii niliyonayo? (Arusha)

Meru_Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela mfukoni. Gari yangu imekuwa ikiwasha taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi, inawaka na kuzima. Leo asubuhi nazungusha ufunguo, inalia tek tek tek, haipigi stata. Jirani kanijampu ikawaka. Fundi wangu kasema altaneta (ile dinamo inayochaji betri) imekufa, nitafute nyingine. Nimezunguka maduka ya spea hapa mjini mpaka kichwa kinauma. Mpya ya Kichina nimetajiwa laki mbili, mtumba wa Japani laki na themanini, halafu kuna fundi wa Unga Limited anasema nisinunue chochote, nimpe elfu arobaini aifungue aifufue. Jumamosi nina msiba Rombo, lazima niende na gari. Nichukue ipi?

FundiWaya_Majengo
Pole na msiba mkuu. Sasa, gari gani? Injini gani? Betri ina umri gani? Fundi alipima kwa mita au alipima kwa macho? Umetaja bei zote ila ugonjwa wenyewe hujautaja.

Kijenge_Chini
Mtumba wa Japani, mjadala umeisha. Ile imetoka kwenye gari lililotengenezwa huko huko, waya wake ni shaba ya kweli. Hizi mpya za Kichina ni boksi zuri tu, ndani upepo.

MamaJunior_Njiro
@Kijenge_Chini na huo mtumba unajuaje ulitembea kilomita ngapi kabla ya kushushwa Dar? Unauziwa kitu kimepakwa rangi ya fedha, kinang'aa kama sufuria jipya, kumbe kaboni za ndani zinazopeleka umeme kwenye roto, ile sehemu inayozunguka, zimebaki kipande cha ukucha. Mimi nilifunga mpya ya Kichina kwenye Vitz, mpaka leo inachaji. Kaka usitishwe, muhimu wakupe waranti ya maandishi.

Dereva_wa_Mbuga
Hizi gari ndogo bwana. Njoo huku kwenye Land Cruiser za injini ya 1HZ, altaneta inapigwa vumbi la Ndutu mwaka mzima na bado inachaji friji la wageni.

Meru_Kwetu
Samahani wakuu, ni Toyota IST. Betri sijui umri wake, nilinunua gari ikiwa nayo. Fundi hakupima na mita, aliwasha taa kubwa akaangalia zinavyofifia.

FundiWaya_Majengo
IST ni modeli ya NCP60 yenye injini ya 2NZ au NCP61 yenye injini ya 1NZ? Angalia kibati kwenye chumba cha injini. Muuzaji atakuuliza, na kama hajakuuliza, hama duka. Halafu azima mita, hata ile ya bei ya chini inatosha. Gari ikiwa imezimwa tangu usiku, betri nzima inatakiwa isome volti 12.6 hivi. Ukiwasha, ipande iende 13.8 mpaka 14.4. Ikibaki 12 na kushuka, hakuna chaji inayoingia. Baada ya hapo pima nyuma ya altaneta yenyewe, pale kwenye nati ya waya mnene. Pale pakisoma 14 na kwenye betri 12, altaneta yako ni nzima, umeme unapotelea njiani: waya, fyuzi kubwa ya ALT, au taminali zilizoota kutu. Watu wengi wamenunua altaneta kumbe tatizo lilitaka msasa tu.

Mzee_wa_Pasua
Vijana mnapenda vipimo vingi. Washa gari, chomoa taminali moja ya betri. Ikizima, altaneta imekufa. Ikiendelea kunguruma, nzima. Nimefanya hivyo tangu enzi za Peugeot 504.

FundiWaya_Majengo
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hicho kipimo kwenye gari zenye kompyuta ni kuitafutia gari kesi. Betri ndiyo inayomeza umeme ukiruka. Ukiichomoa injini ikiwa inazunguka, volti zinapanda ghafla, zinaweza kuchoma dayodi za altaneta au kompyuta yenyewe. 504 haikuwa na kompyuta ya kuungua.

Mzee_wa_Pasua
Marahaba. Hakuna gari iliyowahi kuungua mikononi mwangu.

Chalii_wa_Sakina
Mzee, labda ziliungua zikiwa zimeshaondoka gerejini 😂

Mwalimu_Usa
Ndugu mleta mada, ngoja nikusimulie ya kwangu ndipo uamue. Nina Noah. Taa ya betri iliwaka kama yako, fundi akasema kama wako. Duka moja mjini hawakuwa nayo, wakaagiza mtumba Kariakoo, ukaja na basi la usiku umefungwa kwenye gunia. Kuufungua, puli ina mifereji zaidi ya mkanda wangu. Fundi akasema "hilo dogo mwalimu", akahamisha puli ya zamani. Kuja kwenye soketi, pini hazifanani. Akasema tena hilo dogo. Akatoa koleo, akakata soketi ya gari, akaunga waya kwa waya na kuzungushia selotepu nyeusi. Nikauliza ana uhakika gani waya upi ni upi, akanijibu kwamba rangi zinajieleza zenyewe.

Gari ikawaka, taa ya betri ikazima, nikalipa, tukapeana mikono. Siku chache baadaye nikawa nasikia harufu ya mayai viza ndani ya gari, nikawa naangalia watoto nyuma nani kafanya nini. Kisha balbu za mbele zikaungua zote mbili. Nikanunua nyingine, nazo zikaenda. Jioni moja natoka Moshi, nimefika Kikatiti, gari ikazima mvua inanyesha. Nikafungua boneti, betri imevimba mbavu, asidi imechuruzika mpaka kwenye chuma, rangi imebabuka. Fundi wa pale Kikatiti, kijana mdogo kabisa, aliazima betri akaweka mita: 16 na pointi. Katauti ya ndani ya ule mtumba, ile inayodhibiti volti, ilikuwa imekufa, inasukuma umeme wote bila breki. Kumbe nilikuwa naipika betri kila ninapoendesha.

Nikarudi dukani na risiti. Jamaa akanyoosha kidole tu ukutani, kuna karatasi: VIFAA VYA UMEME VIKISHAFUNGWA HAVIRUDISHWI. Nikamwambia mlinifungia wenyewe hapa hapa nje. Akasema fundi si wa duka, huwa anakaa tu hapo kivulini. Fundi naye akasema yeye alifunga alicholetewa. Altaneta, betri, balbu, soketi mpya, vyote juu yangu.

Kwa hiyo ukinunua mtumba, nenda na yako mkononi, linganisha soketi pini kwa pini, hesabu mifereji ya puli, angalia masikio ya kufungia. Na usikubali mtu akate soketi yako.

MamaJunior_Njiro
Pole mwalimu. Eti fundi anakaa kivulini 🙌 Hao wako kila duka.

Kijenge_Chini
Mwalimu, lako lilikuwa tatizo la fundi, mtumba hauna kosa.

Mwalimu_Usa
Katauti ilikufa ndani ya mtumba ndugu yangu. Fundi hakuifungua.

Kibosho_Road
Kwa wenye Hiace za dizeli, zenye injini za 3L na 5L, nao wasome hapa. Ile pampu ya upepo wa breki inakaa mgongoni mwa altaneta na inalainishwa na oili ya injini. Ukiuziwa altaneta isiyo na pampu, au fundi akafunga mrija wa oili vibaya, breki zinakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Hiace moja ya jirani iliponea kwenye ukuta wa mtu kwa ajili hiyo.

Chalii_wa_Sakina
IST inahusika vipi hapo?

Kibosho_Road
Nimesema kwa wenye Hiace.

Meru_Kwetu
Wakuu nimepata mita. Gari ni NCP60, 2NZ. Ikiwa imezimwa betri inasoma 12.1. Ikiwaka 11.9, nikiwasha taa inaenda 11.6. Nyuma ya altaneta nako 11.9. Mkanda hauna shida, nimeukagua. Halafu kuna kitu sikusema: tangu juzi usukani umekuwa mzito ghafla, hasa nikikata kona taratibu. Fundi kaniambia niandae na hela ya raki ya usukani.

FundiWaya_Majengo
Eeeh! Hilo ndilo ulitakiwa uanze nalo. Usukani wa IST hausukumwi na oili, unasukumwa na mota ya umeme. Volti zikishuka, mota inakosa nguvu, usukani unakuwa mzito. Raki yako haina kosa lolote. Usitoe hata mia ya raki mpaka chaji irudi. Huyo fundi wako atakuuzia gari zima kipande kipande.

Sasa fanya hivi. Weka swichi on bila kuwasha injini, sogeza bisibisi ya chuma mgongoni mwa altaneta, kwenye beringi ya nyuma. Ikivutwa kama na sumaku, roto inapata umeme. Isipovutwa, ni kaboni, katauti, au waya unaokuja kwenye soketi. Kisha washa gari, gonga altaneta kidogo na mpini wa bisibisi. Taa ikizima au volti zikipanda kidogo, kaboni zimeisha, umeme unagusa na kuachia. Hapo laki mbili ya nini? Angalizo tu: mikono na nguo mbali na mkanda na feni.

Dereva_wa_Mbuga
Halafu jiulizeni, gari imeoshwa injini karibuni? Pale kwenye karwashi wakishika ile bunduki ya presha hawajui hiki ni altaneta wala hiki ni nini.

Meru_Kwetu
Duh. Niliosha injini wiki iliyopita, ilikuwa na tope la Oldonyo Sambu.

Nimejaribu. Bisibisi inavutwa kidogo sana, kama inasita. Nikigonga, mita inaruka 13.5 halafu inarudi chini.

FundiWaya_Majengo
Kaboni hizo. Mpe wa Unga Limited, ila simama hapo hapo. Aangalie na ringi za shaba zinazoguswa na kaboni. Zikiwa zimelika mfereji, kaboni mpya hazitadumu. Azungushe na beringi kwa mkono, zikikwaruza abadilishe. Kwenye 2NZ mkanda wa altaneta ndio unazungusha na wota pampu, beringi ikijifunga mkanda ukakatika, injini inachemka kabla hujafika Himo.

Kijenge_Chini
Kufufua ni kuahirisha tatizo. Ana safari ya Rombo, mnampa altaneta ya majaribio?

MamaJunior_Njiro
Na mtumba usioujua si wa majaribio?

Mzee_wa_Pasua
Kwa nini asije Moshi kabisa? Bei za Arusha mnapigwa bei za watalii. Mafundi wa huku wanafufua vizuri na kwa bei ya kibinadamu.

Chalii_wa_Sakina
Mzee, Mangi akupunguzie bei? Tangu lini? Wazee wa Chuga tunavuka Namanga tu, Nairobi pale Kirinyaga Road kila altaneta ipo.

Kibosho_Road
Ongeza nauli, ushuru mpakani na siku nzima ya kazi, ndipo uje utuambie imekugharimu ngapi. Na ikiwa mbovu utairudisha kwa nani?

Mwalimu_Usa
@Meru_Kwetu hata ukifufua, hiyo betri iliyoshuka hivyo ipeleke ikachajiwe kwenye mashine usiku mzima kabla ya safari. Altaneta ni ya kurudishia betri kile stata ilichotumia. Ukiipa betri mfu inafanya kazi kwa nguvu zote, inachemka. Na gari yako ni ya oto, ikikuzimia kule Mkuu, Rombo, hakuna atakayekusukuma ikawaka.

Meru_Kwetu
Asanteni sana wakuu. Fundi wa Unga Limited hapatikani kwenye simu, mwenzake anasema yuko Babati mpaka kesho jioni. Yule wa duka la mtumba naye ameshuka mpaka laki na nusu, ila waranti anasema ni ya mdomo. Naendelea kuwaza. Ikishindikana shemeji ana Probox, nitamwomba lifti.

Kijenge_Chini
Laki na nusu chukua hiyo!!

Mwalimu_Usa
Pini kwa pini ndugu yangu, usisahau.

Mama_Sanawari2
Jamani samahani kuingilia, na mimi nina Raum, nikiwasha AC taa ya betri inawaka kwa mbali, nikizima AC inapotea. Ni ugonjwa huo huo au ni mkanda?

FundiWaya_Majengo
Dada, unapowasha AC unasikia mlio wa kukwaruza? Na mkanda ulibadilishwa lini?